Kumlisha Chatu wa Baba

Baba aliponiletea chatu wake nyumbani kwangu, mtaa wa Kalangalala, alinipa maagizo machache, na sikufuata hata moja. Nalisema hili mapema ili msomaji asipoteze muda kutafuta mtu mwingine wa kumlaumu.

Ilikuwa mwezi wa sita. Baba alikuwa anakwenda Mwanza kutolewa mtoto wa jicho, jicho la kulia kwanza, kisha la kushoto, na katikati akae kwa ndugu zetu adondoshewe dawa. Wiki saba, walimwambia. Nyumba yake ya Didia haina mtu tangu mama afariki. Wenzake wa kundi la ngoma ya nyoka kila mmoja ana nyoka wake, na baba hapendi kuwachanganya, kwa sababu nyoka wa mmoja akimwambukiza wa mwenzake hakuna anayekiri. Basi nikabaki mimi, binti yake pekee, mwuza chakula wa Geita, ambaye nililelewa na nyoka ndani ya nyumba na sikuwahi kumtazama hata mmoja usoni.

Walikuja na gari la mizigo kupitia Kahama, chatu akiwa ndani ya kasha la mbao lenye wavu upande mmoja. Alikuwa jike, mrefu kunizidi mara mbili, mnene kama paja langu, na mimi si mwembamba. Baba aliliweka kasha stoo, akapapasa kona zote kwa mikono kwa kuwa macho yalikuwa yameshamwisha.

"Amekula wiki iliyopita," akasema. "Asipotaka kula, hataki. Akila, usimguse mpaka tumbo lirudi sawa. Usimpe kingine mpaka aende choo. Na akae penye joto."

"Sawa, baba."

"Sawa ya kweli?"

"Baba, nawalisha watu arobaini kwa siku. Nitashindwa na huyu mmoja?"

Hakucheka. Mwisho wa mwezi wa nane kulikuwa na mashindano, na alishatangaza kwamba yatakuwa ya mwisho kwake. Asiyeyajua mashindano yetu nimweleze kwamba makundi mawili hucheza uwanja mmoja, saa ile ile, na watazamaji huwa huru kwenda watakako. Kundi lililovuta watu wengi ndilo limeshinda. Mwaka uliotangulia baba alicheza kwa kusikia tu, akageukia upande usio na watu, akaendelea kumwinua chatu wake mbele ya uwanja mtupu, na hakuna mwenzake aliyethubutu kumgeuza. Mwaka huu alitaka kuwaona watu wakimjia. Kwa hiyo niliachiwa chatu mzima, na nilitakiwa kumrudisha mzima. Basi.

Siku tano za kwanza nilijitahidi. Lakini mimi si mtu wa kukaa. Kwenye mgahawa wangu hakuna anayeinuka na sahani nusu bila kuulizwa anaumwa nini. Madereva, wauza mitumba, wachimbaji wanaokuja mjini kupumzika, wote wanajua ukisema umeshiba unaongezewa mchuzi. Na ndani ya stoo yangu, hatua kumi kutoka jikoni, kulikuwa na kiumbe kimejikunja, hakili, hakiombi, hakisemi. Nilikuwa nakoroga ugali huku shingo imeelekea mlango wa stoo. Msaidizi wangu wa jikoni, mama mmoja Mzinza asiyekuwa na maneno mengi, alinikuta mara tatu asubuhi moja nimechuchumaa mbele ya wavu.

"Dada, maharage yanaungua."

"Huyu anakonda."

"Umempima na nini?"

Nilichinja kuku mdogo nikamtupia. Hakumgeukia. Nikajaribu wa pili, akiwa hai, nikamtoa baada ya saa nzima kuku mwenyewe akiwa ameanza kusinzia. Siku iliyofuata nilichungulia tena. Macho ya chatu yalikuwa meupe, yamefunikwa utando wa rangi ya maziwa, sawasawa na ya baba. Nilikaa juu ya gunia la mchele nikalia kwa sauti. Niliamini kabisa kwamba baba ameniletea upofu wake nyumbani.

Baada ya siku kadhaa nikakuta gamba lote limevuliwa, limebaki kama soksi ndefu kwenye kona ya kasha, na chatu anang'aa macho maangavu. Kumbe hakuwa mgonjwa, alikuwa anajivua gamba, na nyoka anayejivua huwa hali. Kila mtoto wa Didia aliyeishi jirani na wacheza nyoka anajua hilo. Mimi nilikuwa nimelisahau kwa makusudi, pamoja na mengine mengi ya nyumba ile.

Siku hiyo alikula. Alimrukia kuku kwa kasi iliyonifanya nimkumbatie mama wa Kizinza, akamkaza, akammeza kuanzia kichwani, polepole, huku taya zikitembea upande huu na upande ule. Nilifurahi kupita kiasi. Niliimba. Wateja wakauliza kuna sherehe gani.

Hapo ndipo nilipaswa kumwacha. Lakini mtu aliyekula baada ya njaa ndefu, kwetu, huongezewa. Siku ya tatu nikampa bata. Bata mzima, wa kufugwa, aliyekuwa amenizoea. Chatu akamla naye. Siku ya nne wateja wakaomba kumwona, na mimi kwa kujidai nikamtoa, nikamzungusha mabegani, tumbo limemvimba namna ile, nikatembea naye kati ya meza huku mchimbaji mmoja wa Mwakitolyo akipiga picha na kusema, "Mama, huyu akishuka na sisi duarani, kule shimoni, tutauona mwamba wa dhahabu." Watu wakacheka, nami nikazunguka mara ya pili.

Kisha nikamrudisha stoo. Stoo yangu ina sakafu ya saruji na haipati jua hata kidogo, ndiyo maana vyakula haviniozei. Na ule ulikuwa mwezi wa saba, kipupwe, wakati hata wauza mkaa wanavaa makoti.

Asubuhi harufu ilinipokea kabla sijafungua mlango. Alikuwa amemrudisha bata, manyoya yamelowa, nyama imeanza kulainika nusu, na nyuma yake mabaki ya kuku. Chatu amejibana kwenye kona ya mbali, mdomo wazi kidogo. Sijui niseme nini juu ya hofu ile. Nilishika ndoo na sabuni ya unga, nikafagia, nikamwaga, nikasugua, yote hayo kabla wateja wa chai hawajaja, na wakati wote nilikuwa nasema, "Usinifanyie hivi, usinifanyie hivi."

Mgonjwa aliyetapika tumbo ni tupu, nikawaza. Kwa hiyo mchana nikampa kuku mwingine. Akamla kwa uzito. Kesho yake akamrudisha.

Nilimwita daktari wa mifugo, mtaalamu mzuri sana wa ng'ombe. Alisimama mlangoni mwa stoo, akauliza kutoka pale pale kama ana mimba. Nikamwambia aingie amwangalie. Akasema ameshaona vya kutosha, akanipa dawa ya minyoo ya ndama, akaondoka akiwa ameongezewa mchuzi.

Halafu nikafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka naona aibu. Nilipiga mayai mabichi matatu kwenye bakuli, nikachukua kijiko kirefu cha supu, nikamwambia mama wa Kizinza amshike kichwa.

"Sishiki," akasema.

"Atakufa."

"Basi afe akiwa amepumzika. Dada, unamtesa."

Nikamfokea. Nikamwambia yeye hajawahi kuuguza mtu, na mimi nimewahi. Nikamshika chatu mwenyewe, hakuwa na nguvu ya kukataa, nikafungua mdomo ule wenye meno madogo yaliyopinda kwa ndani, nikamimina. Nusu ilimwingia, nusu ikanilowesha gauni. Jioni ile ile akayatoa yote, na ute mweupe juu yake.

Baba alikuwa akipiga simu kila Jumapili. "Anaendeleaje?" "Mzima, baba." "Amekula?" "Amekula." Sikudanganya neno hata moja, na nilikuwa mwongo mtupu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi niliyekuwa nikificha maradhi ya mwingine nilikuwa nakonda kabla yake. Sikuweza kukaa kwenye kiti. Nilihesabu vijiko. Niliwafokea wateja waliokula taratibu. Mwishowe nikampigia ningi wa kundi la baba, yaani kiongozi wao na mtunzi wa nyimbo zao, nikamweleza kila kitu nikiwa nimesimama nyuma ya choo cha mgahawa nisisikike.

Alifika kesho yake na basi kutoka Didia, mzee mrefu mwenye kofia ya sufu, begi moja begani.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Yuko wapi?"

Alichuchumaa mbele ya kasha muda mrefu. Hakumgusa. Aliangalia mdomo, akanusa, akaangalia ngozi inavyojikunja mbavuni. Kisha akavuta ndoo, akaigeuza, akakaa juu yake, akanionyesha gunia la mchele.

"Igasha hasi, mayu." Kaa chini, mama.

"Nina watu wanasubiri chakula."

"Igasha."

Nikakaa. Nilijua kinachokuja, kwa sababu nilikuwa nimekiona nikiwa mdogo. Kundi lao lina desturi yake. Nyoka akirudisha chakula, mwenye kumtunza huulizwa ni neno gani amelimeza yeye, akalihifadhi, hata nyumba ikawa nzito. Linatakiwa litoke. Na likishatoka, aliyelisikia hulipeleka kwa mhusika, hata kama ni mkubwa, hata kama ni mgonjwa. Nilishamwona mke wa mtu akikiri mbele ya wanaume wanane kwamba anamchukia mama mkwe wake, na chatu yule akala baada ya wiki, na kundi zima likaamini.

"Sina neno," nikasema. "Nilimzidishia chakula. Nimeshakwambia."

"Umeniambia ya chatu. Nauliza yako."

"Sina."

Akanyamaza. Ningi anajua kunyamaza kuliko kuimba, na mimi ukimya siuwezi, siuwezi kabisa, afadhali nichapwe. Nje nilisikia sahani, mtu anaita chumvi, mama wa Kizinza anajibu. Nilianza kutingisha mguu. Kisha nikajisikia nasema, na sauti ilikuwa ya msichana wa kidato cha pili.

Nilisema kwamba mama alipokuwa hawezi tena kumeza, uvimbe ukiwa umeziba koo lake, baba alibeba chatu akaenda Bariadi kwenye ngoma. Siku nne. Mama alifariki siku ya tatu, na mimi peke yangu ndiye niliyekuwa chumbani na bakuli la uji. Nilisema kwamba baba alirudi na vumbi la uwanja miguuni, na watu wakampa pole, na nikampa pole na mimi, na tangu siku ile sijawahi kumwandalia chakula bila kufikiri kwamba hakistahili. Nilisema mimi nilibaki. Nilikuwa na miaka kumi na sita, na nilibaki, na nilimlisha mama yangu mpaka kijiko cha mwisho.

Ningi aliitikia kwa koo. Akainuka, akainama, akaweka kiganja kwenye sakafu.

"Hii ni barafu," akasema. "Nyoka hana moto wake mwenyewe. Chakula kikikaa ndani yake bila joto kinaoza kabla hakijasagika, anakirudisha. Mhamishieni jikoni, karibu na mafiga, asiguse ukuta wa moto. Maji tu. Asipewe chakula mpaka baba yako aje. Asishikwe."

Nikainuka kutoka kwenye gunia.

"Ulijua ni sakafu? Ulijua ni sakafu tangu unaingia, na ukanikalisha hapa unihoji?"

"Sakafu ni ya nyoka," akasema. "Hilo lingine ni la nyumba yenu. Nitampelekea."

Nilimfuata mpaka kituoni nikimwomba. Nilimwambia baba ana bandeji machoni, nikamwambia nilisema kwa hasira, nikamwambia hata si kweli. Alinisikiliza kwa adabu zote, akapanda basi la Mwanza.

Zilizofuata zilikuwa siku ishirini na mbili za kungoja. Kasha lilikaa jikoni, nyuma ya mafiga, na mimi nililazimika kupika nikimwona. Kila mteja aliyejua habari aliniambia subira yavuta heri, nami nikawa natamani kumwagia wa kwanza supu. Chatu hakula, hakutapika, alikunywa maji, alijikunja na kujikunjua. Mikono iliniwasha. Niliwahi kuchukua kipande cha utumbo, nikafika mpaka kwenye wavu, mama wa Kizinza akanitazama tu, nikakirudisha sufuriani. Jumapili simu ya baba haikulia. Wala ya pili.

Alikuja mwezi wa nane, mchana, wateja wameshatawanyika, amevaa miwani myeusi na kubeba kikapu. Nilipiga goti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Akavua miwani akanitazama, na mara ya kwanza baada ya miaka mingi nilijua kwamba ananiona. "Umezeeka," akasema.

"Nawe umezeeka."

Ndani ya kikapu alikuwa na kuku mmoja mdogo, wa kuenea kiganjani. Nikamwambia huyo hatoshi, mnyama huyu ana zaidi ya mwezi na tumbo tupu. Aliongea na chatu kidogo kwa Kisukuma, akamwingiza kuku, akafunga, akavuta viti viwili. Niliposhika ndoo ya vyombo akasema, "Kaa." Nikakaa.

Niseme hapa kwamba chatu alikula siku ile, taratibu, na hakurudisha. Mwisho wa mwezi aliingia uwanjani, na baba aliwaona watu wakimjia, na kundi likashinda. Lakini kabla hajala tulikaa muda mrefu sana mbele ya wavu, mimi na baba, na kuku akizungukazunguka mule ndani, na chatu hajainua hata kichwa.

"Neno lako nimeletewa," baba akasema.

Nilikazana kumtazama kuku.

"Ni kweli. Nilikwenda Bariadi. Sikuitwa, na ngoma ile haikunihitaji. Nilikimbia."

"Baba, yameshapita."

"Hayajapita, umemwambia ningi. Ngoja nami niseme." Alikuwa anaongea akitazama kasha. "Mama yako alinituma. Aliniambia, mwambie mtoto aache uji. Alikuwa anameza kwa maumivu ili usilie, na ukitoka nje kuosha bakuli anautoa wote kwenye kanga. Nilikuwa nafua zile kanga mimi, kisimani, usizione. Akasema, mimi siwezi kumwambia, mwambie wewe. Nilisimama mlangoni mara tatu. Nilikuona unakipuliza kijiko kipoe. Nikashindwa. Nikamchukua nyoka nikaondoka."

Chatu aliinua kichwa. Nilitaka kuinuka, sijui kwenda wapi, na baba akanishika kiwiko.

"Alikuwa anatapika kila siku?" nikauliza.

"Kila siku," baba akasema. "Na wewe ulikuwa unamrudia na bakuli jingine."